Ua Halijalalamika

Mama Neema akifagia sebule ameinua chungu cha ua, akaona mzizi umechungulia kwenye tundu la chini. Basi, amani imetoka nyumbani. "Baba Neema, ua limebanwa hili. Lihamishwe leo."

Leo! Lenyewe limetulia pembeni, majani yanang'aa, halijamwomba mtu kitu. Ni zamioculcas, mmea wa kwetu kabisa: unajiotea porini kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini. Waholanzi wakauzalisha kwa wingi miaka ya 1990, ukarudi na bei ya Ulaya, nami mtu wa Pwani nikaununua kandokando ya barabara kama kitu cha ng'ambo. Jamaa yuleyule wa miche sasa ananitajia chungu cha saruji kwa bei inayoushinda mmea wenyewe. Nimemwambia nitarudi. Anajua sirudi.

Mzizi mmoja tunduni si dharura. Mmea huu una viazi chini ya udongo, ndiyo ghala yake ya maji, na kubanwa kidogo haukuoni taabu. Nimebonyeza plastiki ya chungu pande zote: bado inabonyea. Siku viazi vikijaa, ubavu utatuna wenyewe, hata kupasuka; au utamwagilia juu, maji yapite moja kwa moja hadi sahanini bila udongo kulowa. Hapo nitahamisha bila kusukumwa. Tena sasa ni kipupwe, mmea umepoa. Joto likirudi utashika udongo mpya upesi.

Shemeji, ambaye hajawahi kumwagilia hata mchicha, kaingilia: "Nunua lile pipa kubwa, umalize kazi." Huyu ndiye aliyemnunulia Neema sketi ya shule inayofagia lami, eti atakua. Neema atakua, sawa. Viazi kwenye pipa vitaoza, maana udongo mtupu usio na mizizi hukaa na maji wiki nzima. Chungu kipya kikizidi cha zamani kwa vidole viwili, kinatosha.

Nimeyaeleza yote haya kwa utaratibu. Mama Neema kanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama chungu cha rangi ya maziwa kitaendana na mapazia.

Na jirani kashasikia ua linahamishwa. Kaleta kopo lake tangu asubuhi, limeoshwa, limetobolewa tundu, anasubiri akatiwe kipande.