Mungu Niepushe na Muuzaji Mkarimu

Muuzaji mkali sina ugomvi naye. Unaingia dukani, anakutazama kama umekuja kukopa, unauliza bei, anaitaja bila kuinua macho kwenye simu yake, unalipa au unatoka. Mmemalizana. Bujumbura ina wauzaji wa namna hiyo wa kutosha, na mimi nawaheshimu. Ninayemwogopa ni yule anayenyanyuka kitini wewe ukiwa bado mlangoni, akakushika mkono kwa mikono yake miwili, akauliza habari za nyumbani hadi za wajukuu, kisha akasema: "Mzee wangu, leo umefika. Niambie shida yako yote."

Shida yangu ilikuwa ndogo. Mpwa wangu aliyeko Dubai alichoka kunisikia kwenye simu nikilalamika kwamba kustaafu kunachosha kuliko kazi, akanitumia mashine ya kukereza mbao, ile ndogo ya kuweka juu ya meza. Ilifuata njia ya bidhaa zetu nyingi: meli hadi Dar es Salaam, lori hadi mpaka wa Kobero, kisha milima na kona mpaka huku ziwani. Ilifika nzima. Mota inazunguka, kiegemeo cha patasi kipo, kichwa cha nyuma kipo. Kilichokosekana ni patasi zenyewe, mashine ya kunolea, na mandrini, yaani lile taya la chuma linalokamata gogo wakati linazunguka.

"Hivyo mjomba utavipata hapo hapo Buja," akaniambia kijana. Ukiwa Dubai, Buja ni rahisi sana.

Kabla soko kuu halijateketea Januari 2013, ukitaka kifaa ulikuwa unazunguka humo humo mpaka ukipate au ukate tamaa, na yote mawili yaliwezekana kabla ya adhuhuri. Tangu soko lile liungue vitu vimetawanyika. Vingine viko Ruvumera, vingine Asiatique, vingine viko ndani ya kontena ambalo mwenye ufunguo amevuka kwenda Uvira na atarudi Inshallah. Siku hizi huulizi kitu kiko wapi, unauliza kiko kwa nani. Na mimi nikaelekezwa kwa yule bwana, duka lake nalisitiri, kwa sifa moja tu: "Huyo anasaidia watu."

Sikwenda mikono mitupu. Nilibeba ile sahani ya chuma iliyokuja na mashine, yenye tundu la nyuzi katikati, nikaiweka juu ya kaunta. Mwenye kuuza vyuma akiitazama sahani hiyo amekwisha kujua kinachotakiwa: tundu lina upana wa inchi 1, nyuzi 8 kwa kila inchi. Hicho ni kipimo cha kawaida cha mashine za aina hii. Nyingine, hasa za Ulaya, zina milimita 33, na vipimo hivyo viwili havioani hata mkiviombea dua. Yaani hapakuwa na la kubahatisha. Swali na jibu vyote vilikuwa pale juu ya kaunta.

Hakuitazama. Aliisogeza pembeni kwa upole apate nafasi ya kuweka Fanta.

Msomaji wa mbali inabidi aelewe jambo moja kuhusu nchi hii. Posa hapa inafungwa kwa kinywaji. Waliogombania mpaka wa shamba wanapatana kwa kinywaji. Ukienda kuomba jambo unatanguliza kinywaji, na ukikubaliwa mnamalizia kwa kinywaji. Mtu akishakufungulia chupa, wewe na yeye mna jambo, na jambo hilo haliishi kwa kusema asante. Sasa fikiria ni saa saba mchana, jua la Bujumbura limesimama utosini, chupa inatoka jasho, na kizibo kimeng'olewa kabla hujasema unataka au hutaki. Ningefanya nini? Nikanywa. Tangu funda la kwanza nikawa sinunui tena, nalipa deni.

Kijana wa duka akatumwa stoo. Kutoka stoo akatumwa kwa jirani, na kutoka kwa jirani akatumwa mbali zaidi, kwa miguu, maana pikipiki zilikatazwa katikati ya mji Machi 2022, na hata zingeruhusiwa, petroli ingetoka wapi? Nikasema jamani msimsumbue mtoto wa watu. "Hapana mzee wangu, ndiyo kazi yake, tunakusaidia." Huku nyuma nikapewa kiti. Kisha nikapewa kiti kizuri zaidi. Nikaambiwa kwamba mimi kama Mrundi kazi ya mbao iko damuni, si ninaona ngoma zetu? Ngoma! Ngoma ya kwetu ni gogo la umuvugangoma linalochongwa na kutobolewa kwa mkono. Halijawahi kukaribia mashine ya kukereza. UNESCO waliiweka kwenye orodha yao ya urithi mwaka 2014 pamoja na uchezaji wake, lakini hawakusema kwamba kila Mrundi amezaliwa na patasi. Nikanyamaza. Mdomo ulikuwa na Fanta.

Kijana akarudi, shati limeloa mgongo mzima, amebeba kitu kizito begani ndani ya gunia la mchele. Akakitua juu ya kaunta, kaunta ikalia. Ilikuwa mandrini, kweli. Ya meno matatu, imepakwa grisi, ya mashine ya kukereza chuma. Nyuma yake hakuna tundu la nyuzi lolote, ni bapa tupu lenye matundu matatu ya bolti.

"Hii ni ya chuma," nikasema.

"Mzee wangu, chuma na ubao si vyote vinazunguka?"

"Nyuzi zake ziko wapi?"

Akaigeuza, akazitafuta nyuzi pamoja nami kwa moyo mmoja, akakuna kidevu, uso ukang'aa. "Tutaichomelea! Nina fundi hapa nyuma. Dakika tano. Haitatoka tena maisha yako yote."

Hilo la mwisho nililiamini. Mandrini yenye uzito ule, ichomelewe kwenye mhimili wa mashine ndogo ya mezani, haitatoka, na beringi nazo hazitakaa. Isitoshe, meno ya mandrini za chuma hutokeza nje, na yakizunguka huyaoni, unayajua pale yanapokugonga vidole. Nikamweleza. Alinisikiliza vizuri sana. Muuzaji wa aina hii anasikiliza kuliko daktari. Kisha akasema: "Basi chukua hivyo hivyo, nyumbani utaona jinsi ya kufanya."

Patasi nazo zina habari yake. Patasi ya kukerezea ni ndefu, nene, ya mpini mrefu, kwa sababu si wewe unayeufuata ubao, ubao ndio unakufuata wewe, mamia ya mizunguko kwa dakika, na kila mzunguko unaipiga ncha. Patasi ya kuchongea sanamu ni fupi, na shingo yake pale inapoingia kwenye mpini ni nyembamba. Ukiitia kwenye gogo linalozunguka, shingo hukatika, na kipande hakisemi kinaelekea wapi. Niliomba tatu: moja ya mgongo wa mviringo yenye mfereji, moja ya ncha ya mshazari, na moja nyembamba ya kukatia. Nikaletewa seti.

Nani alituletea seti? Mtu anataka sufuria moja, anauziwa familia ya masufuria yaliyomezana. Fundi anataka spana namba 13, anarudi nyumbani na sanduku lenye spana zote isipokuwa 13. Seti yangu ilikuwa ya patasi 12 za kuchongea, mipini rangi ya chungwa, zimelala ndani ya kisanduku chenye kitambaa chekundu. "Kumi na mbili kwa bei ya sita," akasema. Nikamwambia nahitaji tatu, na hata hizo tatu humo hamna. "Mzee wangu, hizo nyingine zitakuwa akiba." Akiba ya nini, nitakapokatika vidole?

Bei zikatajwa kwa dola, zikageuzwa kuwa faranga, na si kwa bei ya benki. Tangu Benki Kuu ishushe thamani ya faranga Mei 2023 watu tulidhani bei ya benki na ya barabarani zitakutana. Hadi leo zinapishana bila kusalimiana. Alipiga hesabu kwenye kikokotoo, akanionyesha kioo chake, akaweka mkono kifuani. "Mimi hapa sipati kitu. Nakusaidia tu." Kijana naye alikuwa bado amesimama pale mlangoni, anajipepea kwa kipande cha boksi, ananitazama. Nani mwenye roho ya kumrudisha na gunia lile? Nikalipa mandrini, nikalipa seti, nikalipa na mashine ya kunolea, ambayo angalau niliihitaji. Nilisindikizwa hadi barabarani.

Mashine hiyo ya kunolea ina mawe ya kijivu, na kwa umeme wetu wa hezi 50 inakimbia karibu mizunguko 3,000 kwa dakika. Niliigusishia patasi moja ya rangi ya chungwa, ncha ikageuka bluu kabla sijapumua. Chuma cha kaboni kikishageuka bluu ugumu umekwenda, hata mkate hakikati. Chuma kinachofaa, kile cha kukatia kwa kasi, huvumilia joto hilo na kubaki kigumu, ndiyo maana patasi nzuri za leo hutengenezwa kwacho. Zinazosifiwa sana hutoka Sheffield, Uingereza. Niliwahi kuliandikia duka moja la huko. Nao ni wakarimu, lakini ukarimu wao ni wa maswali: nyuzi za mhimili ni zipi, mashine inapokea gogo la upana gani, unataka kutengeneza nini, umekereza kabla? Wakaniambia waziwazi nisinunue seti. Nilikaribia kulia. Kisha wakatuma gharama ya kusafirisha hadi Bujumbura, na hapo nikalia kweli.

Basi nikaenda Buyenzi, ambako ningepaswa kutumwa tangu mwanzo kama mji huu ungekuwa na watu wa kuelekeza wenzao. Kuna mzee anakereza miguu ya vitanda kwenye kibanda kati ya gereji mbili. Mashine yake ameitengeneza mwenyewe: reli mbili za chuma, mota ya pampu ya maji, mkanda. Patasi zake ni springi za gari zilizopigwa moto na kunyooshwa. Nikamuuliza kwa nini asitumie tupa kuukuu, maana zimejaa mjini bure. Akanitazama kwa huruma. "Tupa ni ngumu mpaka ndani, haina mnyumbuko. Ikikwama inavunjika na kukurukia usoni."

Hakunipa kiti. Hakunipa maji. Aliendelea na mguu wake wa kitanda, ubao wa libuyu kutoka Kongo, na mimi nikasimama pale nikimezwa na vumbi. Alilaza patasi ya mshazari juu ya kiegemeo, akaegemeza mpini kwenye nyonga, akausogeza mwili mzima kidogo kushoto, mikono imetulia. Utepe mwembamba wa ubao ukatoka bila kukatika, ukamwangukia kwenye kandambili, na pete ya kwanza ya mguu ikawa imekwisha. Wazee wa Lamu na Siyu walikereza pete za namna hiyo kwa mashine ya uta, kamba ikivutwa mbele na nyuma. Nao hawakuwa na seti.

Alipozima mota ndipo akauliza, "Unataka kukereza nini?"

"Bakuli."

"Mti gani?"

"Mwembe. Ulianguka kwa jirani."

"Mbichi? Paka rangi kwenye vichwa vya magogo usije ukapasuka." Akaichukua sahani yangu ya chuma, ile iliyosogezwa kupisha Fanta, akaipindua, akapitisha kidole kwenye matundu yake. "Sasa mandrini ya nini? Kaza gogo hapa kwa skrubu, upande utakaoutoboa mwisho. Ukiogopa matundu ya skrubu, gundisha kwanza kipande cha ubao wa masalio katikati." Akanidai malipo ya patasi tatu kabla hajawasha moto, akanikatalia kupunguza hata faranga, akaniambia nirudi Alhamisi. Kilikuwa kikao cha dakika chache, na mtu asiye na adabu hata kidogo. Patasi zilikuwa tayari Alhamisi.

Ombi langu kwa wenye maduka ni moja: mteja akiweka kitu juu ya kaunta, kitazame kabla ya kufungua chupa. Na kwa msomaji yeyote mwenye karakana ya chuma, Bujumbura, Uvira au hata Kigoma: ninayo mandrini ya meno matatu, mpya, grisi yake haijafutwa. Bei ni maelewano. Nitaongeza patasi 11 za rangi ya chungwa bila malipo, na ile ya bluu pia ukiitaka. Njoo ukiwa umekwisha kunywa kwako.