Waheshimiwa wa Nebraska, Nasi Tufukuzeni

Kwa Idara ya Michezo,
Chuo Kikuu cha Nebraska,
Lincoln, Marekani.

YAH: OMBI LA KUFUKUZWA USHABIKI KWA MALIPO

Waheshimiwa, husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni mashabiki wa Cornhuskers, timu yenu ya mpira wa Kimarekani, ule unaokimbizwa ukiwa umebanwa kwapani. Tumefuatilia kwa makini namna mnavyoachana na makocha, tukabaini kwamba katika idara yenu hakuna kazi yenye masilahi mazuri kama kufukuzwa. Tunaomba nafasi.

Aliyetufungua macho ni Scott Frost. Huyu ni mwana wa nyumbani, mzaliwa wa Lincoln, na ndiye aliyekuwa mpiga pasi mkuu wa kikosi cha 1997, cha mwisho kutuletea ubingwa wa taifa. Mlipomkabidhi timu kwa msimu wa 2018 tuliamini mambo yamekwisha. Yalikwisha kweli. Alishinda mara 16, akapoteza mara 31. Msimu wa 2021 ungefaa kuhifadhiwa makumbusho: tulipoteza michezo 9 kati ya 12, na hakuna hata mmoja tuliozidiwa kwa pointi 10. Ukijumlisha msimu mzima, tulifunga pointi nyingi kuliko tulizofungwa. Kupoteza robo tatu ya michezo kwa hesabu ya namna hiyo si uzembe. Ni utaalamu, na watu husomea miaka.

Agosti 2022 mkatupeleka Dublin kucheza na Northwestern. Tunaongoza 28 kwa 17, kocha akaagiza upigwe mkwaju mfupi wa kushtukiza ili tuuwahi mpira wenyewe. Wakauwahi wao. Tukalala 31 kwa 28. Siku hiyo mtandao wa malipo uwanjani ulikuwa umegoma, bia ikagawiwa bure, na tungependa ieleweke vizuri kwamba walioinywa ni mashabiki, si benchi la ufundi.

Wiki mbili baadaye akaja Georgia Southern, mgeni mliyemlipa zaidi ya dola milioni moja aje Lincoln afungwe. Hadi siku hiyo timu yetu ilikuwa imefikisha pointi 35 au zaidi nyumbani mara 214, ikashinda zote 214. Tukafunga 42. Mgeni akafunga 45, akachukua na hundi yake. Kesho yake, tarehe 11 Septemba, mkamfukuza Frost.

Hapa ndipo tulipoanza kuwasoma kwa heshima. Mkataba ulisema fidia yake ni dola milioni 15, na kwamba ikifika tarehe 1 Oktoba itashuka hadi milioni 7.5. Zilibaki wiki tatu. Hamkuweza kuvumilia wiki tatu kwa dola milioni 7.5, waheshimiwa, ilhali sisi tunaongoja ubingwa wa ligi tangu 1999 mnatuhimiza kila mwaka tuwe na subira.

Msomaji asiyejua mambo ya huko asidhani ni utani. Hiki ni chuo cha umma, na kocha wake wa mpira analipwa kuliko gavana wa jimbo na kuliko rais wa chuo chenyewe. Wala Nebraska si wabadhirifu wakubwa kuliko wengine: mwaka 2023 Texas A&M walikubali kumlipa kocha wao, Jimbo Fisher, zaidi ya dola milioni 75 aondoke tu.

Wala msifikiri tunalalamikia kufukuzwa kwa walioshindwa. Mmewafukuza walioshinda pia. Frank Solich mlimwachisha kazi mwaka 2003 akiwa ameshinda 9 na kupoteza 3. Mkurugenzi wa michezo wa wakati huo akaeleza kwamba hataiacha timu izame katika hali ya wastani. Bo Pelini alishinda angalau michezo 9 katika kila msimu aliokaa, naye akaondoshwa 2014. Kumbukumbu za kocha wa zamani, Tom Osborne, aliyefikisha ushindi wa 9 kila mwaka kwa miaka 25, zilikuwa zimetulevya sote. Tangu 2016 timu haijashinda michezo 9 katika msimu mmoja. Wastani ule mliouogopa sasa tunautazama kwa darubini, tena kutoka chini.

Kisha mkamleta Matt Rhule, ambaye Carolina Panthers walikuwa wamemtimua muda si mrefu, mkampa miaka 8 na dola milioni 74. Mwaka wa kwanza alishinda 5, akapoteza 7. Mwaka wa pili 7 kwa 6, tukamaliza kwa kuifunga Boston College kwenye uwanja wa besiboli jijini New York, na kwa kuwa tulikuwa hatujapata mchezo wa baada ya msimu tangu 2016, tulisherehekea kama watu waliokosa adabu. Oktoba 2025 mkamwongezea mkataba hadi 2032. Hongera zake. Kuhusu Iowa, waliotufunga kwa mkwaju wa dakika za lala salama mwaka 2018, 2019, 2023 na tena 2024, tunaomba tusiulizwe.

Mkitafuta wanaojua kushinda, hawako mbali. Tarehe 30 Agosti 2023 mlitandika sakafu ya mpira wa wavu katikati ya Memorial Stadium, wakaja watu 92,003 kuwatazama wasichana wa chuo hichohicho, nao wakashinda seti 3 kwa bila. Hakuna aliyeagiza mkwaju wa kushtukiza.

Sasa tuje kwenye sifa zetu za kazi. Tangu 1962 tiketi za kila mchezo wa nyumbani zimemalizika. Mwaka 2021 mambo yalipokuwa mabaya mliwaomba wafadhili wanunue zilizobaki ili rekodi isivunjike, wakanunua. Tulikuwa na desturi ya kurusha maputo mekundu timu ikipata pointi za kwanza. 2022 mkaisimamisha kwa sababu ya uhaba wa gesi ya heliamu, tukanyamaza. Timu ngeni ikitufunga, tunasimama na kuipigia makofi inapotoka. Mmeandika juu ya malango yenu kwamba humo hupita mashabiki bora kuliko wote katika mpira wa vyuo, na hapo, waheshimiwa, ndipo penye ugonjwa. Kocha akifungwa anaondoka na mamilioni, mkurugenzi akiona moto anahamia chuo kingine, na asiyeondoka ni yule anayelipa kiingilio. Uwanja unaojaa tukishinda, ukajaa tukifungwa na mgeni wa kukodi, hauwapi sababu yoyote ya kukosa usingizi. Tumewalea vibaya.

Kwa hiyo tunaomba kila tiketi ya msimu iwekewe kipengele kilekile mlichowawekea makocha: timu ikishindwa kufikisha ushindi wa 9, shabiki anafukuzwa mara moja na kulipwa fidia ya miaka iliyobaki. Mwenye tiketi ya kurithi kwa babu yake alipwe na ya babu.

Mkilikubali ombi hili, tafadhali tufukuzeni kabla ya tarehe 1 Oktoba. Baada ya hapo tunasikia inakuwa nusu.

Wenu katika ujenzi mpya wa timu,
Mashabiki