Ukungu Haulipi Nauli: Mwongozo wa Kuosha na Kutunza Mfuko wa Maji wa Safari

Kijana wa Kanazi, karibu na Bukoba, anayejiandaa kwa matembezi marefu siku hizi halazimiki kubeba dumu mkononi. Katika marobota ya mitumba hutokea mabegi ya mgongoni yenye mfuko laini wa plastiki ndani, mrija unaopita begani na kidomo cha kung'ata. Unatembea, unang'ata, unanyonya, na mikono yote miwili iko huru. Kifaa hiki kina historia ya kuchekesha. Mwaka 1988 Michael Eidson, mhudumu wa gari la wagonjwa huko Texas, Marekani, aliingia katika mashindano ya baiskeli ya Hotter'N Hell Hundred akiwa amejaza maji kwenye mfuko wa dripu, akautia ndani ya soksi na kuufunga mgongoni. Soksi hiyo ndiyo mama wa kampuni ya CamelBak.

Lakini Wahaya hawakuisubiri Texas iwafundishe kunywa kwa mrija. Rubisi, pombe ya ndizi, ilinywewa hivyo kutoka kwenye kibuyu vizazi kwa vizazi, na wenye vibuyu walijua jambo ambalo wengi wenye mifuko hawajalijua: chombo chenye shingo nyembamba huharibiwa na unyevu unaoachwa ndani. Kibuyu kilitiwa maji na kokoto, kikatikiswa kwa nguvu, kikasuuzwa, kikageuzwa mdomo chini hadi kikauke. Ng'ambo ya mpaka, nchini Uganda, wafugaji wa Ankole hata leo hufukiza vyombo vyao vya maziwa kwa moshi wa majani. Mwenye kibuyu hakukiziba kikiwa kibichi akakisukuma uvunguni. Mwongozo huu wote umesimama juu ya busara hiyo: kuosha ni nusu ya kazi, na nusu ya pili, iliyo ngumu zaidi, ni kukausha.

Kwetu ni ngumu hasa. Pwani ya Ziwa Victoria upande wa Bukoba ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi nchini Tanzania, na siku za masika nguo zilizoanikwa asubuhi huanuliwa jioni zikiwa bado na ubaridi. Ukungu, ule wa madoa meusi, hutaka unyevu, giza, joto la wastani na chakula kidogo. Mfuko uliokunjwa ndani ya begi unaupa vyote hivyo bure. Ukungu ni abiria anayedandia gari bila nauli, na akishakaa kiti cha nyuma kumshusha ni shughuli.

Kwanza: tia maji, na maji tu

Mfuko wa maji haukutengenezwa kwa juisi ya nanasi, glukosi wala chai ya maziwa. Sukari ikishapita kwenye mrija huacha utando mwembamba ambao vijidudu huutumia kama chakula. Ukitaka juisi, ibebe kwenye chupa yenye mdomo mpana unayoweza kuingiza brashi.

Maji yenyewe yachemshwe hadi yatokote sawasawa kwa dakika moja, kisha yapoe kabisa kabla ya kumiminwa. Anayemimina maji ya moto kwa haraka ya safari analainisha plastiki na kulegeza maungio, halafu mgongo unalowa kabla hajafika Kemondo. Na ukifika ziwani usiusuuze mfuko kwa maji ya ufukweni. Ziwa Victoria lina kichocho, na vimelea vyake hupenya kwenye ngozi ya mtu aliyesimama majini hata kama hakunywa tone.

Pili: osha jioni ile ile

Umerudi kutoka Burigi-Chato au Rumanyika-Karagwe, hifadhi zilizopandishwa kuwa za taifa mwaka 2019, miguu inauma na mwili unadai kitanda. Fungua begi kwanza. Bakteria aliyepata mazingira mazuri anaweza kugawanyika kuwa wawili katika muda wa dakika 20 hivi, na usiku una saa nyingi. Anayesema "nitaosha kesho" ameshampa ukungu chumba na ufunguo wake.

Mwaga maji yaliyobaki. Tia maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, funga, tikisa, kisha ingiza mkono au sponji laini usugue kuta za ndani. Pitisha kidole kwenye pembe za chini. Kikiteleza kama kimegusa kamasi, huo ni utando wa vijidudu, na hautoki kwa kusuuza. Lazima usuguliwe. Kokoto za kibuyu usizilete hapa: plastiki laini hukwaruzika, na kila mkwaruzo ni mfereji mpya wa kujificha uchafu.

Tatu: mrija na kidomo

Hapa ndipo watu wengi hujidanganya. Mfuko unang'aa, mwenyewe anajisifu, na mrija haujaguswa. Chomoa mrija, uinue kwenye mwanga wa dirisha, utazame kwa urefu wake. Ukiona vidoa vya kijivu au vyeusi, hasa kwenye kona ulipokuwa umejikunja, kazi bado ipo.

Kama huna brashi ya mrija, tafuta uzi mnene wa nailoni kama ule wa wavuvi, ulio mpya na safi. Uzi mgumu hupenya wenyewe ukiusukuma taratibu. Ukitokea upande wa pili, fungia kipande kidogo cha kitambaa cha pamba kilicholowekwa sabuni, kisha vuta. Rudia mpaka kitambaa kitoke cheupe.

Kidomo kina mpasuko mdogo unaofunguka ukiung'ata. Kivue kwenye mrija, kibinye kwa vidole viwili mpasuko uachame, usugue ndani yake kwa mswaki uliotengwa kwa kazi hiyo. Hicho ndicho kipande kinachoingia kinywani mwako, na ndicho kinachokokotwa vumbini begi likiwekwa chini, lakini huoshwa mara chache kuliko vyote.

Nne: dawa baada ya kusugua

Kama kuna harufu au madoa, tumia jiki isiyo na manukato: kijiko kimoja cha chai katika lita moja ya maji. Jaza mfuko, kisha binya kidomo mpaka dawa ipite mrija wote. Acha nusu saa, mwaga, suuza kwa maji safi mara kadhaa hadi harufu iishe. Dawa hutanguliwa na kusugua, kwa sababu utando ukibaki huwakinga vijidudu walio chini yake.

Ukipenda limau, litumie siku nyingine. Maji ya limau huondoa harufu ya plastiki na chumvi iliyoganda, lakini yakichanganywa na jiki hutoa gesi ya klorini inayochoma macho na mapafu. Siki nayo ni hivyo hivyo. Hapa hakuna mzaha hata kidogo: jiki peke yake, limau peke yake.

Tano: kausha mpaka ukauke

Futa ndani kwa kitambaa safi cha pamba. Toka nje, shika mrija katikati, uzungushe kwa nguvu matone yaruke. Kisha tundika mfuko kwenye hanga ya nguo, mdomo ukiangalia chini, na ndani uweke kijiti safi cha mwanzi cha kutenganisha kuta. Kuta zikigusana, unyevu unabaki katikati yake hata ukiutundika wiki nzima. Mrija ning'iniza peke yake ukiwa wima, kidomo kikiwa kimevuliwa.

Mahali pazuri ni barazani penye upepo na kivuli. Jua la muda mfupi halidhuru, lakini jua la siku nyingi huifanya plastiki ikakamae na kupasuka. Juu ya mafiga, mahali pa heshima pa kibuyu, si mahali pa mfuko huu: plastiki hunyonya moshi, na safari ijayo utakunywa maji yenye ladha ya kuni. Wakati wa mvua usihesabu saa. Kagua kwa kidole, na ukikuta ubaridi kwenye pembe, urudishe kwenye hanga.

Sita: pa kuuhifadhi

Uhifadhi ukiwa wazi, haujakunjwa, umetundikwa chumbani mbali na petroli, mafuta ya taa na dawa za kilimo. Stoo ya buni haifai: kuna vumbi, kuna panya, na mara nyingi kuna chupa ya dawa ya wadudu kwenye kona. Kwa anayesafiri kila wiki na mwenye friza nyumbani, kuna njia fupi. Osha, kamua maji, tia mfuko na mrija kwenye friza, kwani ukungu hauoti kwenye barafu. Siku ya kuutoa, acha uyeyuke wenyewe kabla ya kuukunjua, maana plastiki iliyoganda huvunjika.

Anayepanda Kilimanjaro yenye mita 5,895 akumbuke baridi hiyo hiyo: usiku wa kuelekea kileleni maji huganda ndani ya mrija. Kila ukimaliza kunywa, puliza maji yaliyo kwenye mrija yarudi mfukoni.

Kwa mwenye dumu na chupa

Wengi wetu bado tunasafiri na dumu la lita tano au chupa ya plastiki, na hapana aibu. Sheria ni ile ile. Dumu gumu linastahimili kokoto: tia zilizooshwa vizuri, maji na sabuni, tikisa hadi utelezi wa kijani utoke, suuza, ligeuze mdomo chini bila kifuniko. Kifuniko na uzi wake wa ndani visuguliwe kwa mswaki. Dumu lililowahi kubeba dawa ya kunyunyizia kahawa lisitiwe maji ya kunywa kamwe, hata lioshwe mara mia, kwa sababu plastiki imeshainyonya sumu.

Wakati wa kuachana nao

Madoa meusi yakiota ndani ya mrija na kugoma kutoka baada ya kusugua na dawa, nunua mrija mwingine. Mfuko ukinata, ukipasuka au ukibaki na harufu, utupe. Watu huona uchungu kuutupa kwa kuwa waliununua kwa bei ya mnada, lakini siku mbili za kuhara katikati ya pori zina gharama kubwa zaidi, na huko porini aliyeishiwa maji mwilini hana zahanati ya jirani.

Kwa hiyo, ndugu msafiri, kabla hujalala siku ya kurudi, mwaga, sugua, suuza na tundika. Wafundishe na watoto wanaobeba chupa za maji kwenda shuleni, kwani tumbo lao ndilo linaloumia kwanza. Na asubuhi ya safari ingiza kidole kwenye pembe za mfuko: ukiwa mkavu, jaza maji uende, ukiteleza, rudi kwenye sabuni.