Sifa za Mbuzi, Mfyekaji wa Mpakani

Ukitaka kumtukana mtu Busia, mwite mbuzi. Ukitaka kichaka cha nyuma ya nyumba kipungue bila kulipa kibarua, mfunge mbuzi papo hapo. Kenya ina sheria ya kuangamiza magugu haribifu, Sura ya 325, na kati ya Busia na Malaba anayeitii kila siku, bila barua wala posho, ni huyu mwenye ndevu. Tena ana vifaa vya kazi. Ng'ombe huzoa nyasi kwa ulimi, kondoo hukwangua chini, lakini mbuzi ana mdomo wa juu unaojipinda kama kidole, unaochomoa jani katikati ya miiba. Jani likiwa juu husimama kwa miguu ya nyuma, ya mbele akaiegemeza tawini. Majani yakiisha huguguna gome, na kijiti kilichochunwa gome pande zote hukauka. Slasha hukata, gugu likachipua wiki ijayo. Mbuzi hurudi wiki ijayo.

Na huku kufyeka si urembo. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliteketeza watu Busoga, Uganda, ng'ambo ya mpaka. Yalipozuka Alego, jirani na Busia, mwaka 1964, mbung'o wanaoyaeneza, waliodhaniwa kuwa wa ufuoni mwa ziwa, walikutwa wamehamia vichaka vya lantana kando ya nyumba za watu. Pale Alupe, kwenye barabara ya Busia kwenda Malaba, kukawa na hospitali na kituo cha utafiti wa ugonjwa huo. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tatizo tena la afya ya umma Kenya. Walipongezwa madaktari na watafiti, kwa haki kabisa. Mbuzi hakualikwa, na simdai zaidi ya shukrani ndogo: kila kichaka alichokipunguza kilimpunguzia mbung'o kivuli.

Washtaki wake wako wengi, na wa kwanza ni jirani mwenye muhogo. Ni kweli: huku muhogo ni chakula cha nyumba nyingi, na mbuzi akifika shambani hutafuna majani hadi shina likabaki fimbo. Lakini mbuzi hula urefu wa kamba yake, na kamba hakuipima yeye. (Mpakani methali hiyo hutumiwa kuwatetea watu wanaokula bila kamba yoyote, mbuzi ana haki ya kulalamika.) Wa pili husema lantana ina sumu. Ndiyo, huharibu ini na kuifanya ngozi iungue juani. Mbuzi mwenye malisho mengine hudonoa kidogo akaendelea. Anayeugua aghalabu ni yule aliyefungwa penye lantana tupu. Lantana iliyokomaa ni kazi ya panga na jembe. Wa tatu ana hoja nzito: mbuzi husambaza mbegu kwa kinyesi. Mti wa mathenge wa Baringo ulienea hivyo, sikatai. Ila mti huo ulipandwa na wenye vyeo miaka ya 1980 kuzuia jangwa, na mbuzi aliyekula maganda yake matamu aliozeshwa meno. Mwaka 2006 Wailchamus, wenyeji wa Baringo, walipoishtaki serikali kwa ajili ya mti huo, walimpeleka mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi awe kielelezo. Sijui mfyekaji mwingine aliyetoa ushahidi kwa kinywa kitupu namna ile.

Kwingine kazi hii ina heshima. Huko California, moto wa Oktoba 2019 ulipolikaribia jengo la maktaba ya Rais Reagan, ulikuta ukanda uliokwisha kufyekwa na mamia ya mbuzi wa kukodi, na jengo likapona. Mwenye mbuzi wale alilipwa. Wa Malaba hupita chini ya malori yanayongoja forodha, huokota maganda ya ndizi, na askari wa kanjo wakimkamata, mwenye mbuzi hutozwa faini. Ningependa kaunti ianze na kingo za reli na mitaro ya barabara: mchungaji mmoja, kamba zilizopimwa, na muhogo wa watu uwe mbali. Malipo yasiwe makubwa. Mwenye mbuzi hawezi kudai mengi kwa mfanyakazi ambaye Desemba atamla.