Hatamu Ziko, Farasi Hakuna

Mununga, kando ya Ziwa Mweru, hakuna farasi. Mbung'o walilimaliza suala hilo zamani. David Livingstone alishuka pwani mwaka 1866 na ngamia, nyati, nyumbu na punda. Alipolifikia ziwa letu Novemba 1867 alikuwa anatembea kwa miguu yake mwenyewe.

Katika nchi kama hiyo, mume wa shangazi yangu kafungua duka la nguo za kauboi. Jirani zake wanauza nyavu, taa na chumvi ya samaki, na wanakula vizuri. Ugonjwa huu wa Mzee huyo ni wa kurithi: baba yake alikuwa mchimbaji wa shaba Luanshya miaka ya 1950, enzi ambazo filamu za kauboi zilijaza watu makambini na kila shujaa, awe nani, aliitwa Jeke.

Bidhaa hutoka kwenye mabelo ya mitumba, na belo hununuliwa limefungwa. Lililoandikwa “mikanda ya kiume” tulilipasua tukakuta ngozi ndefu ajabu zenye pete na vyuma. Mzee akazibusu. “Hatamu! Lijamu! Vikuku!” Shangazi akauliza farasi anafika lini.

Vitu hivyo vimenunuliwa, lakini si kwa kazi yake. Vikuku viliondoka na mvuvi wa dagaa wa chisense, vikawa vizito vya wavu. Hatamu za kichwa alichukua mwenye beberu mkorofi. Beberu akapitisha kichwa na miguu miwili ya mbele kwenye tundu moja, akakimbia sokoni kavaa kama sidiria.

Viatu ndivyo balaa. Buti la kisigino kirefu halikuumbwa kwa kushuka mtumbwini. Kijana mmoja alikanyaga tope la ufukweni, mguu ukatoka, buti likabaki. Kesho yake kaja na lililosalia, anadai nusu ya pesa.

“Ulinunua jozi, rudisha jozi,” shangazi akamwambia.

“La pili liko ziwani, Mama. Mimi nilishalilipia, nenda kalichukue.”

Walibishana mpaka wateja wa duka la jirani wakahamia kwetu kusikiliza, na kwa kweli siku ile tuliuza kofia nyingi kuliko wiki nzima. (Kofia nazo, upepo wa ziwa ukivuma, huvuka kwenda Kongo zenyewe bila kulipa ushuru.)

Mzee hakufundishika. Alijibakizia vile vyuma vya kisiginoni vya kumchomea farasi, akavivaa Jumapili na kupanda baiskeli kwenda kanisani, akilia kama kengele barabara nzima. Kwenye mteremko chuma kikaingia mnyororoni. Tulimkuta kalala ubavu, suruali imenaswa mpaka gotini, kofia bado iko kichwani. Fundi akaitwa. Akauliza akate kipi, mnyororo au hicho kichuma.

“Mnyororo,” Mzee akajibu hapo hapo.

“Baiskeli ni yangu,” akasema shangazi. “Kata mguu.”