Kwanza Posho, Matundu Baadaye

Ukitaka kununua habu ya USB ya kompyuta ya nyumbani, usikimbilie dukani. Kagua msafara kwanza. Mezani pana printa, diski ya nje, modemu, kibodi, kipanya, flashi, na waya wa simu ya mgeni ambaye hajawahi kuja na chaja yake. Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara huo, ni wewe. Watangazie watoto, wajue nani anaamua mzigo gani unakaa wapi.

Kirangozi wa Kinyamwezi aliyeshuka Bagamoyo alijua kwamba kuhesabu vichwa hakutoshi: lazima watu wale. Mpagazi alibeba frasila mbili hivi, yaani kilo 32, kwa safari ya miezi kama mitatu, na posho ikikatika mzigo ulibaki porini. Ndiyo sababu Tabora, Kaze ya siku zile wapelelezi Burton na Speke walipofika mwaka 1857, ilikuwa kituo cha kweli. Hapo Unyanyembe, eneo la Tabora, palikuwa na chakula na wapagazi wapya, kisha njia zikagawanyika: hii ya Ujiji, ile ya Karagwe na Buganda. Watu walishiba ndipo wakaachana.

Sasa ishike habu ya bei rahisi. Matundu saba, vitaa vya rangi, adapta hakuna. Posho yake yote inatoka kwenye tundu moja la kompyuta. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500 kwa volti 5; la USB 3.0, ambalo mara nyingi lina plastiki ya buluu ndani, hutoa 900. Sufuria ndiyo hiyo. Kibodi na kipanya ni walaji wadogo. Diski ya nje inapoanza kuzunguka inaweza kutaka 900 peke yake, na modemu ikihangaika kutafuta mtandao hufika 500. Zikigombania sufuria moja utasikia diski ikigonga: tk, tk, tk. Inapotea kwenye skrini, inarudi, inapotea tena. Mwenyewe anaipeleka kwa fundi, kumbe ina njaa. Hili linaniuma, kwa sababu diski ikikatiwa umeme katikati ya kuandika inaweza kuharibu mafaili, na humo ndimo zilimo picha za harusi na za marehemu bibi.

Basi nunua habu yenye adapta yake ya ukutani. Igeuze adapta, soma yale maandishi madogo, na baada ya 5V tafuta idadi ya ampea. Piga hesabu: diski 900, modemu 500, flashi 200, kibodi na kipanya 200. Jumla 1,800. Adapta ya ampea 2 itajikongoja. Chukua ya 3, maana mgeni yuko njiani na simu yake. Printa usiihesabu, ina waya wake wa umeme. Hiyo imekuja na chakula chake.

Kuhusu mwendo, tazama reli ya zamani. Ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi la Mwanza likakamilika 1928. Mpaka leo reli hiyo ya Kigoma na ya Mwanza hutoka Dar es Salaam kwa njia moja, kisha huachana Tabora. Vifaa vyako navyo vyote hupita kwenye waya mmoja kwenda kwenye kompyuta. USB 2.0 ina megabiti 480 kwa sekunde za kugawana, USB 3.0 ina gigabiti 5. Mwenye diski achukue ya 3.0, na aichomeke kwenye tundu la 3.0. Ila kipokezi cha kipanya kisicho na waya kikae mbali kidogo na diski hiyo, maana USB 3.0 huvuruga mawimbi ya gigahezi 2.4 na mshale utaanza kurukaruka.

Usipachike habu nyuma ya habu. Kila moja inatoza hongo yake kama watemi wa Ugogo walivyoitoza misafara, na kanuni za USB zenyewe haziruhusu zaidi ya tano mfululizo.

Siku ya kununua, nenda na diski yako na modemu yako. Mwambie muuzaji: kaka, chomeka vyote kwa pamoja, tunakili filamu moja ndefu. Filamu ikifika mwisho bila diski kupotea, mlipe. Ikipotea, mrudishie habu yake na uingie duka la pili.