Kila Mtu na Debe Lake

Kazi ya kukagua msimbo wa mwenzako haina asante. Aliyeuandika anapigiwa makofi kikaoni na bosi anamshika bega. Aliyeukagua anaitwa mkwamishaji. Mtambo ukiwaka, kauwasha mwandishi. Ukizimika, macho yote kwangu: "Si wewe uliyeupitisha?"

Safari hii nimetupiwa kiendeshi cha chipu ya kusimamia umeme. Kwa mliobahatika kutoijua, chipu ya namna hiyo imo ndani ya simu uliyoishika. Betri ya simu ikijaa inafika volti 4.2 hivi, lakini prosesa inataka kama volti moja tu, kumbukumbu ina kiwango chake, na taa ya kioo inataka zaidi. Chipu ndiyo mgawaji. Inampa kila mmoja fungu lake, tena kwa zamu. Wa nyuma akitangulizwa, kifaa kinagoma kuwaka, au kinawaka mara moja tu katika uhai wake.

Mafundi simu wa mjini hapa Dodoma wanaijua kuliko wenye vyeti vya ukutani. Fundi anaiweka simu chini ya taa, anagusa ubao kwa ncha za mita, anaguna, halafu anakuambia, "Mzee wangu, chaji inaingia, ila IC ya pawa haigawi." Anashika bloa, moshi kidogo, noti zinahama mfuko, mmemalizana. Hakuna anayemdai ripoti ya ukaguzi. Nimemwonea wivu fundi yule hadharani.

Chipu yetu sisi inakaa kwenye kisanduku cha kupimia mvua na joto, chenye paneli ndogo ya sola, kinachotakiwa kusimama mashambani huko Bahi. Ndani yake mna Linux, kerneli ileile, yaani kiini cha mfumo endeshi, aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, mji ambao sidhani kama humo kuna aliyekuwa akiliwaza jua la Bahi. Kiendeshi ni programu inayosimama katikati: inasoma rejista za chipu, yaani mahali inapohifadhi namba zake, kupitia nyaya mbili, utaratibu ulioanzishwa na Philips mwaka 1982, kisha inaipelekea kerneli taarifa kwa vipimo inavyovitaka yenyewe.

Na vipimo ndivyo vilivyoninyima usingizi. Mnalijua soko la Majengo. Muuzaji wa kwanza anakupimia kwa sado, wa pili kwa debe, na mwenye lori anakuletea lumbesa, ile ambayo Wakala wa Vipimo hawaachi kuipiga vita. Basi kerneli ni Majengo mtupu. Idara inayoshughulika na vidhibiti vya umeme inataka mikrovolti: volti 3.3 uziandike 3,300,000. Idara ya vihisi vya afya ya mtambo inataka milivolti, kwa hiyo volti zilezile zinakuwa 3,300. Joto nalo lina mambo yake. Idara ya betri inalihesabu kwa sehemu za kumi za digrii. Majirani zao wa vihisi wanalihesabu kwa sehemu za elfu. Chipu moja, kiendeshi kimoja, na idara hazisalimiani.

Aliyeandika kiendeshi chetu ni kijana hodari, mwepesi wa vidole, anayechapa kama anafukuzwa. Kwenye joto la betri, alichofanya ni kusoma namba kutoka kwenye chipu na kuikabidhi kama ilivyo. Chipu ikisema 45, naye anasema 45. Idara ya betri inapokea 45 na kuelewa digrii 4.5. Yaani Bahi, mchana wa Oktoba, mbuzi wamejibanza kivulini, kisanduku chetu kinatangaza baridi ambayo hata mtu wa Makete angeitafutia koti. Na huu si utani wa kuchekea tu. Betri za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa zimechemka. Nyingi zimewekewa mpaka wa digrii 45. Programu inayoamini kuna baridi itaendelea kuishindilia betri chaji mpaka ivimbe kama andazi.

Nikamwita.

"Kaka, shikamoo. Mbona kwangu kinafanya kazi?"

"Marahaba. Kwako wapi?"

"Hapahapa ofisini, kaka. Chini ya kiyoyozi."

Nikanyamaza, maana nina familia na ninauhitaji mshahara.

Tukashuka chini zaidi. Kuna mahali anasoma asilimia ya chaji. Nyaya zile mbili zikikosa mawasiliano, vumbi la hapa likiingia kwenye kiungio kwa mfano, kerneli hairudishi asilimia. Inarudisha namba hasi ya kosa, mathalani hasi 5, yenye maana kwamba kusoma kumeshindikana. Kijana aliipokea namba hiyo kwenye kisanduku cha biti nane kisichojua alama ya kutoa. Humo, hasi 5 inageuka 251. Kwa hiyo waya ukilegea, betri inajisifu kuwa na chaji asilimia 251. Nilimwuliza ni betri gani hiyo. Akaitazama skrini kwa muda, akasema, "Labda ni mpya, kaka."

Wale wanaoitunza kerneli huko duniani wana sheria kali kwa mambo ya aina hii, na hadi kwa madogo zaidi. Kila hatua ya kuingia ndani ya mstari ni nafasi nane, na ukizidisha ngazi tatu umeambiwa waziwazi urekebishe programu yako. Mwandishi anatia jina kuthibitisha kwamba ana haki ya kuuleta msimbo huo. Mkaguzi naye anatia lake, na hapo nawavulia kofia, kwa sababu tamko analotia saini linasema wazi kwamba hatoi dhamana yoyote kuwa kitu kitafanya kazi iliyokusudiwa. Tamko hilo nimelichapisha na kulibandika ukutani. Bosi amepita mara kadhaa bila kulisoma.

Nyumbani nako hakuna nafuu. Mtaa mzima umesikia kwamba siku hizi "nasimamia umeme". Umeme ukikatika jioni, jirani ananiulizia dirishani utarudi saa ngapi. Mwingine ameniletea feni iliyoungua, ameiacha barazani na ujumbe kwamba hana haraka, kesho asubuhi inatosha. Mama watoto anasema nikatae kwa adabu. Nimekataa kwa adabu. Sasa kuna feni mbili.

Kiendeshi chenyewe nimekirudisha kwa kijana kikiwa na maoni mengi kuliko mistari. Amenuna, ana haki yake. Ila na mimi nina yangu, na haihitaji kikao wala posho. Vijana wa kompyuta, namba isiyo na kipimo ni uvumi. Kando ya kila namba andikeni ni volti, ni milivolti au ni mikrovolti, na ni sehemu ya ngapi ya digrii. Kila mnaposoma kitu kutoka kwenye chipu, kwanza ulizeni kama kimesomeka. Halafu kijaribuni nje, saa nane mchana, juani, ndipo mkilete kwangu. Msipofanya hivyo nitakirudisha tena, na mniite jina lolote mnalolipenda.